Mengineyo

Kijana mthamini alikuja Mtongwe na kitabu kirefu,
soksi nyeupe, zikashika upupu.
Akahesabu huku akijikuna.
Mnazi uzaao, bei yake.
Mnazi usiozaa, nusu ya bei.
Mkorosho mmoja. Choo cha shimo.
Nyumba ya udongo, vyumba viwili, bati chakavu.
Akafika kaburini kwa mume wangu Chidagaya, akasimama.
Akafunua ukurasa wa mbele, akarudi wa nyuma.
Safu ya makaburi haikuwapo.
Akaandika chini kabisa, kwa herufi za kuibia:
mengineyo.

Huyo mengineyo alibeba saruji bandarini
miaka ishirini na mitatu.
Gati mnayoisifu ilipita begani mwake
mfuko kwa mfuko,
akarudi jioni kope nyeupe, mkongwe wa miaka thalathini,
nami namkosha kwa mafuta ya nazi
mpaka nimpate tena mume wangu.
Sasa gati imezaa barabara,
na barabara yataka kupita kifuani mwake.

Barua ilikuja kwa Kiingereza.
Mwanangu aliisoma kwanza kimoyomoyo,
nikaliona koo lake likipanda, likishuka.
Siku thelathini. Fidia ni ya mwenye hati.
Sisi ni wavamizi.
Kitovu changu kimezikwa pale penye ndoo ya kuku.
Mvamizi gani avamiaye kitovu chake?

Walibomoa Jumanne, unga wa mahamri ukiwa bado waumuka.
Jumanne usiku tukarudi.
Mabati yale yale,
misumari ile ile, tumeinyoosha kwa jiwe,
ila matundu hayakukubali kukutana tena na boriti,
basi kila asubuhi jua lanidonoa pahala papya.

Umazi alikokota kochi lake
akaliweka juu ya mstari mwekundu wa wapimaji, akaketi.
Akaulizwa na askari, akasema:
hili halina miguu, litakwendaje?
Ile bikoni ya saruji Mutinda aliing'oa,
sasa yakandamiza turubai wanakosomea watoto.
Twalala kwa zamu. Twapika sufuria moja,
na twagombana kuhusu chumvi, kuhusu choo,
kuhusu nani alisinzia saa ya lindo.
Msidhani tumekuwa malaika.

Siwalaumu waliokwenda.
Mwero alipokea hela za minazi yake
akaondoka hatuagi, uso ameugeuzia ukuta.
Ana mtoto Makadara, na wodi
haingojei haki.

Tingatinga lilibaki kwenye kona, pua chini.
Dereva wake alilala humo humo,
kijana wa Voi, aitwa Mghanga.
Siku ya tatu akashuka, macho yamevimba kwa mbu,
akasimama mbali kidogo, kama mkwe.
Mama, mbaazi ziko?
Nilitaka kumwambia kuna mawe.
Mkono ukampakulia,
sijui ni nani aliyeuamrisha kumzidishia tui.
Akala. Akapapasa mifuko yote minne.
Kumbe nao hawajalipwa, mwezi wa pili huu.

Nami nina kitabu changu,
daftari la mistari, jalada limeloa mafuta.
Nikaandika:
Mghanga wa tingatinga. Mahamri manne.
Mbaazi, sahani moja.
Atalipa Ijumaa.

Ijumaa ikaja, na amri ikaja nayo,
gari mbili za askari na bwana mwenye kipaza sauti.
Umazi akajikunyata kochini. Mwanangu akanishika kanga.
Mtambo ukawashwa, ukakohoa,
ukatikisa vikombe vyangu vyote mezani.
Kisha ukazimwa.
Bwana akapiga kelele. Mghanga hakumtazama.
Akashuka, akaja moja kwa moja hadi kwenye meza yangu,
akaniuliza, kwa sauti ya chini,
kama naweza kumwamini mpaka Jumatatu.

Nikatafuta kalamu.
Nikakata Ijumaa.