Kilo ya Maji

Rula ya kwanza niliipata Kibokoni kwa fundi Kassamu,
chini ya mabaki ya vitambaa.
Inchi zipo zote. Upande wa pili,
toka kumi na moja hadi kumi na tisa, sentimita zimelika, ubao mtupu.
"Hapo ndipo kidole changu hukaa," akasema, akanipa bure.

Nina wanafunzi wawili na meza moja ya kulia.
Zuleikha anataka kuiona mita kwa macho.
Badi anauliza kama inaliwa.

Nikapanda Biashara, nikashuka.
Kanga kwa doti, mbao kwa futi,
na Taherali wa misumari akanifungulia tepu ya seremala:
"Sentimita, mama? Zilikwisha kabla ya Ramadhani."

Nyumbani, mama hupima mchele kwa kibaba,
nazi kwa sikio, chumvi kwa ulimi,
na wajukuu kwa shibiri.
Vidole vyake vinapinda mwaka hadi mwaka,
basi watoto wanarefuka upesi mno.

Mwisho, duka la dawa, Makadara:
bomba la sindano bila sindano, mililita ishirini.
Mara hamsini, tukahesabu kwa sauti.
Badi akapotea kwenye thelathini na saba.
Tukamwaga, tukaanza upya,
na maji yalipotulia nikachora mstari shingoni mwa chupa:
lita.

Lita ya maji ni kilo, nikawaambia.
Hawakuniamini, na walifanya vyema.
Tukatundika henga ya kanzu mlangoni, kikapu huku, kikapu kule.
Huku maji. Kule kilo ya sukari ya Shekuwe, jirani,
ndani ya karatasi yake ya kaki,
na Zuleikha akaongeza chupa tupu upande wa sukari,
"ili tusiionee."

Maji yakashuka.

Vijiko kumi na viwili kutoka mtungi wetu
ndipo henga ikanyooka.

Hapo nilitaka kufunga somo.
Shekuwe hutukopesha hadi mwisho wa mwezi,
hajawahi kunitaja mbele za watu.
Labda ni kutu ya mizani. Labda ni jiwe lililochakaa.
Nilikuwa bado natafuta labda ya tatu
Zuleikha alipovaa viatu,
maji kayakumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa,
na Badi nyuma yake, mbio,
na ile chupa tupu.