Asilimia ya Kusubiri

Saa tano usiku, Shimanzi, nyuma ya maghala ya majani ya chai.
Harufu yake imeingia hata kwenye kibodi.
Seva yetu imefungiwa chumba kilichokuwa stoo ya mafaili,
feni mbili zinaipepea kama mgonjwa wa homa,
na kutu ya chumvi imeshaanza kuila miguu ya rafu.

Mchana kutwa lawama zilikuwa za Tsuma.
"Kontena moja, nusu saa? Kijana, vidole vimepooza?"
Bi Mwanasiti hapigi kelele, huuliza tu,
na swali lake huuma kuliko kofi.
Tsuma akabonyeza, akangoja, duara likazunguka.
Mteja mmoja akasema: nunueni mashine yenye akili.

Sina madirisha ya rangi. Nina ukurasa mweusi
na kielekezi kinachopepesa jicho.
Naandika top, herufi tatu,
na mashine inajivua shati mbele yangu.

Kazi za watumiaji, asilimia tatu.
Kazi za mfumo, mbili.
Kusubiri, tisini na nne.

Kumbe akili imelaumiwa bure.
Prosesa haikuchoka, wala si mvivu;
imekaa mikono mapajani
kama mtu aliyeambiwa "njoo kesho" kwenye dirisha la forodha,
kesho ikazaa kesho.

Inamsubiri nani?
Naandika iostat, inijibu kila sekunde mbili.
Safu zinateremka. Diski: mia kwa mia.
Mia.
Mia.
Tisini na tisa (nikadhani inapumua), mia.
Naweka kiganja juu ya sanduku:
linatetemeka kwa ndani, kimya,
kama mtu anayelia na hataki wenzake wa chumba wajue.

Juu ya orodha kuna kazi moja.
Umri wake, siku mia nne na kumi na mbili.
Hali yake, herufi D: usingizi usioamshika.
Mwenyewe: mwidani.

Kahawa ikanipoea mkononi.
Mwidani tulimzika Kikowani, mwaka jana, Shaabani.
Kiti chake nimekikalia mimi;
bado kinainama kushoto, alikopenda kuegemea.
Humu ndani jina lake halikupata habari.
Usiku na mchana linasoma mafaili yote, faili kwa faili,
lipeleke nakala kwenye diski ya pili
ambayo mimi mwenyewe niliing'oa Januari.
Linakuta mlango haupo, linarudi, linaanza alifu.

Nikafungua maandishi ya kazi ile.
Mstari wa kwanza, kwa Kimvita chake:
*Musiizime hata niye.*

Amri ya kusimamisha kazi, ukiifasiri, ni ua.
Na ua kwetu ni neno la nyuso tatu:
asumini, uwanja wa nyuma ya nyumba,
na kutoa roho.
Nikakaa na zote tatu kwa muda.

Nikatuma kwanza ishara ya kumi na tano,
inayobisha hodi na kumpa aliye ndani nafasi afunge vitabu vyake.
Kimya.
Nikatuma ya tisa, isiyobisha.
Kimya.
Aliye kwenye D hasikii;
sharti diski imjibu kwanza, ndipo aondoke.

Basi tukasubiri sote, prosesa, mimi, na jina.
Bandarini kreni ikashusha kitu kizito.
Themanini na nane. Sitini. Kumi na moja.
Orodha ikajipanga upya, na jina halikuwamo.

Asubuhi Tsuma atabonyeza,
ukurasa ufunguke kabla hajainua kidole,
na Bi Mwanasiti atasema: unaona? Kumbe unaweza.

Maandishi yale sikuyafuta. Nimeyanyima tu ruhusa ya kutenda.
Mstari wa kwanza umebaki ulipo.
Chini yake nimeongeza wa pili:
tarehe, na saa.