Sentimita Tisa

Karakana ya Veijo Kemppainen inanuka mafuta na kahawa iliyoungua.
Nje theluji ya kwanza imeshindwa kushika, imekuwa tope.
Nimemletea bunduki ndani ya blanketi la mbwa.
"Mtutu umekwisha," namwambia kabla sijaketi.
"Nataka mwingine. Mrefu, sentimita sitini, mnene,
chuma cha pua kisichojua kutu."

Hajibu. Anachomoa komeo,
anapenyeza kitaa chembamba kwa nyuma
na kuchungulia, kama daktari na koo la mtoto.
Ile mifuo inayoipa risasi mzunguko
imelika mwanzoni, pale moto wa baruti unapopiga:
miaka thelathini na minne, vuli baada ya vuli.
"Kweli umechoka," anasema. Halafu, bila kuinua macho:
"Lakini yule wa Oktoba hukumharibu kwa sababu ya mtutu."

Nani kamwambia?
Suomussalmi ni padogo. Hata misonobari ina midomo.

Hirvi yule alisimama kinamasini, ubavu wazi,
hatua sabini, themanini hazifiki,
mkubwa kama ghala, nami nikampiga nyuma.
Tulifuata damu usiku kucha, mimi na mbwa,
tone kwenye jani, tone juu ya uyoga, kisha hakuna.
Alfajiri tukamkuta amelala, bado anapumua,
akinitazama kama mtu niliyemchelewesha.
Sikumwambia yeyote.
Nilimwambia Sanelma tu.

Ahaa.

Veijo anapanga mitutu mitatu juu ya meza.
Huu mzito, wa wapiga shabaha, hautikisiki,
"ila utaubeba wewe, si meza."
Huu mwembamba, mwepesi kama ufito;
ukishapata moto, risasi ya tatu huenda itakako.
Na huu wa kati, sentimita hamsini na moja,
chuma cheusi cha kawaida, usipoupangusa utaliwa.

Nauinua ule mzito, nanyoosha mkono, nahesabu kimoyomoyo.
Kwenye saba ncha inaanza kuandika hewani
kwa mwandiko nisioujua.
Veijo anageuka kumimina kahawa
ambayo hakuna aliyeiomba. Ni adabu hiyo.

"Mara ya mwisho kupiga mbali ya hatua mia ni lini?"
Nafikiri.
Mwaka tuliomzika mama.
Na nilikosa.

Nikachukua wa kati.
Sentimita tisa pungufu ya nilizotaka:
upana wa kiganja changu, kidole gumba kando.
Sikujua kiburi hupimika kwa kiganja.
Kipya kinyemi, husemwa, ingawa kidonda;
nililipa, nikatia risiti mfukoni,
na nyuma ya risiti, nilikuja kuona nyumbani,
Veijo ameandika namba ya simu
ya daktari wa macho, Kajaani.

Siku tatu sikuongea naye.
Siku ya nne nilipiga. Kwa daktari, si kwa Veijo.

Mtutu wa zamani Sanelma aliuchomeka bustanini
bila kuniuliza, mdomo chini ardhini.
Sasa ni Julai, usiku hauingii, na mharage umeupanda,
unajizungusha, unajizungusha kuelekea juu
kama risasi zangu zilivyokuwa zikijizungusha ndani.
Sijui kama ni upande uleule.
Nimevaa miwani, nimeinama, naangalia.