Kisigino

Mimi ndiye niliyeshika saa.
Niseme hivyo mapema, asije mtu akadhani nilipigana.
Bega langu lilikuwa kwenye bendeji tangu Machi,
kwa hiyo nilikaa ukingoni mwa mkeka, ukumbini Curitiba,
nikihesabu sekunde za watu wa kwetu.

Mchezo huu hauna pointi.
Hauna refa wa kukuinua mkono kwa huruma.
Dakika kumi na tano, na mlango mmoja wa kutokea:
ugonge, au agonge.

Sisi wa Londrina tulijua kukaba.
Mwalimu Jurandir alitufunza shingo kama mtu afunzavyo sala:
shingo, bega, kiwiko, tena shingo.
Miguu, alisema, ni ya kumfikisha mtu mkekani.
Mwaka ule Ivonei alipomkamata mwenzake kifundo
alifagia ukumbi mwezi mzima,
na sisi tukacheka, tukaliita jambo lile
wizi wa viatu.

Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Sekunde arobaini na nane: Ivonei mwenyewe.
Dakika moja na sekunde kumi na mbili: Gessé.
Dakika mbili kasoro kidogo: Sulamita,
ambaye kaskazini yote ya Paraná
hakuna msichana aliyewahi kumgongesha.
Niliitikisa saa. Nilidhani imeharibika.

Wala hawakutuzidi nguvu.
Yule mwembamba, Taciano,
aliivua miwani akamwachia mama yake,
akaketi chini kama mtu anayesubiri chai,
akamwacha Valdecir amsogelee, amwegemee,
hata ajisikie vizuri.
Kisha miguu yake miwili ikauzunguka mmoja
kama mkono unaotafuta swichi gizani
katika nyumba uliyozaliwa.

Mguu ulikuwa wetu.
Nyumba ilikuwa yao.

Nilimwona Valdecir usoni. Alikuwa ametulia.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku.
Alikuwa anasubiri maumivu yampe taarifa,
kama kiwiko kinavyobisha hodi
kabla ya kuvunjika.
Hakuna aliyemwambia kwamba goti halibishi.
Kisigino kikigeuzwa, kano hukatika kwanza;
maumivu huja nyuma, na barua mkononi,
kumkuta mwenye nyumba keshazikwa.

Taciano alisita. Naapa alisita.
Akasema, "Gonga, kaka."
Valdecir akatabasamu,
akajiviringisha upande usio.

Sauti ile siiandiki.

Baadaye, kando ya mashine ya soda,
Taciano alinifuata, miwani imerudi, macho mekundu.
"Kwenu," akauliza, "hamfundishwi hata lini mtu agonge?"
Hakuwa ananibeza. Aliuliza
kama unavyomuuliza mtoto wa jirani
kama amekula.
Nikamwambia tumefundishwa vingi sana.
Ilikuwa kweli, na haikuwa jibu.

Basi la usiku. Mwalimu hakusema neno hadi Ponta Grossa,
na hapo alisema tu kwamba barafu inayeyuka.
Valdecir alikuwa amelala kwa dawa, kiti cha upande wa pili,
mguu wake umevuka njia ya katikati
ukatua mapajani mwa Mwalimu,
goti limefungwa barafu ndani ya mfuko wa mkate.
Kila basi liliporuka shimo
alikidaka kisigino kisicheze:
kiwiko kimekikunjia,
viganja vimeshikana,
kifua kimeinama juu yake.

Lori likatupita, taa zake zikatumulika wote.
Miaka thelathini na moja ya kufundisha,
na mkono wake ulikuwa umekaa palepale,
sawasawa na wa Taciano,
ila haukuwa unageuza.

Nilitaka kumwambia.
Tulikuwa hatujafika hata Apucarana.