Trela la Mboji

Mimi ndiye mweka hazina. Kopo lilikuwa la biskuti,
la Krismasi ya mwaka juzi, lina picha ya ndege wa kifua chekundu.
Kila Ijumaa, basi la shule nikishaliegesha,
nililimimina mezani
nikapanga sarafu vichuguu vichuguu, kama mtoto mchezoni.

Dervla hakutuomba. Hilo liandikwe.
Mwenye nyumba aliamua kuuza; akampa barua, akampa miezi mitatu,
naye akaanza kufunga vyombo kwenye maboksi ya ndizi
bila kumwambia mtu, hata dada yake aliyeko Galway.
Aliyetoboa siri ni mwanawe, Fiachra, miaka saba,
alininong'oneza nyuma ya kiti, mvua ikipiga kioo:
"Bwana Mulvey, basi lako hulala wapi usiku?
Lina nafasi ya watu watatu?"

Nilikosa gia kwenye kona ninayoipita tangu ujana.

Basi tukaanza. Ukumbi wa kijiji, sandwichi za mayai,
chai nyeusi kama lami. Packie Gormley
akakubali kunyolewa ndevu za miaka thelathini,
yuro mbili kila mkato wa mkasi.
Padri aliimba; tukamlipa anyamaze.
Na mtu mmoja, sitamtaja, alipenyeza usiku mlangoni kwangu
noti ya mia tano iliyoviringishwa kwenye risiti ya mbolea.
Sote tunajua nani hununua mbolea ile. Tumekaa kimya.

Wapo pia waliouliza, "Na baba watoto je?"
huku wakitafuna sandwichi zetu.
Nao walinunua tiketi. Sarafu haina ulimi.

Nyumba yenyewe ni ya marehemu Bibi Tuohy, njia ya makaburini:
vyumba viwili, unyevu umechora ramani ukutani,
meko ya mawe, mlango wa kijani uliovimba.
Mpwa wake yuko Boston, anataka hela, hataki hadithi.
Nyumba njema si mlango, wahenga walisema.
Dervla angeanza na mlango tu, mradi ufunguo uwe wake.

Zawadi ya bahati nasibu ilikuwa trela zima la mboji,
udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa kama matofali, ukaanikwa,
kuni zetu sisi tusio na misitu.
Dervla alikuja na koti la kazini, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu,
akanunua tiketi moja. "Siwezi kuingia mikono mitupu,"
alisema, "kwenye shughuli yangu mwenyewe."
Mia mbili kumi na nne.
Padri akaisoma nambari mara mbili.

Ukumbi ukanyamaza hata birika likasikika.
Yeye akaitazama tiketi, akatutazama sisi,
"Nitaichomea wapi?" akauliza,
akacheka hadi akaketi chini, na kicheko
katikati kikabadilika, tukageuza nyuso, tukaosha vikombe
vilivyokwisha kuoshwa.

Hesabu ya jana: yuro elfu kumi na tisa, mia sita na nne,
na kifungo kimoja cha koti.
Benki inataka elfu ishirini na sita ndipo izungumze.
Haba na haba, ndiyo, lakini kibaba cha benki
kina kitako kirefu.

Leo asubuhi alinipigia simu. Mboji nisiipeleke bandani kwangu.
Niipeleke kwa Bibi Tuohy.
"Si yako bado," nilisema. "Najua," akasema.
Tukaipanga ukutani, yeye na mimi na watoto wawili,
tukaifunika turubai, tukaikandamiza kwa mawe.
Vidole vyetu vyeusi. Hakuna aliyetukataza.

Tulipokuwa tunaondoka Fiachra alirudi mbio,
akachomoa kipande chembamba,
akakisukuma kwenye tundu la barua la mlango wa kijani.
Tulikisikia kikianguka ndani.