Paa Juu ya Paa

Saa kumi na mbili na robo, Novemba, bado giza.
Mahindi yalishavunwa, mashamba ya Iowa yamebaki vipara.
Nilikuwa naenda kuwasha majiko ya shule
paa akachomoka mtaroni, akapaa,
akagonga boneti kwa goti, akabingirika
juu ya paa, akasimama nyuma yangu,
akanitazama kama mtu aliyesahau jina langu,
kisha akaenda zake.
Hakuacha namba ya simu.

Nilishuka. Nikashika bampa lililoning'inia
kama taya la mzee Havranek, baba mkwe wangu,
usiku ule wa kiharusi.
Neno la kwanza kunitoka, Mungu anisamehe,
halikuwa shukrani kwamba ni mzima.
Nilisema: si langu.

Si langu. Nimekodishwa kwa miezi thelathini na sita,
ishirini na tisa nimeshailipia,
nimelifuta theluji kwa mkono wa sweta,
nimelia ndani yake mara mbili,
na bado saba ndipo nilirudishe
likiwa vilevile nilivyokabidhiwa,
kana kwamba kuna kitu hurudi vilevile.

Kijana wa bima, Brannon, sauti ya asali:
"Mama, ulimgonga, au ulimkwepa ukagonga kingine?"
Nikadhani mzaha. Kumbe ndiyo hesabu yenyewe.
Aliyemgonga mnyama hujitwika dola mia mbili na hamsini.
Aliyemwonea huruma akaingia mtini,
elfu moja.
"Nilimgonga," nikasema. "Sikukwepa."
Nikasikia vidole vyake vikiandika.

Halafu spea.
Bima italipia taa ya kuiga, inafanana, inawaka.
Mkataba, ukurasa wa kumi na moja, herufi za ukubwa wa chawa,
unataka taa ya asili, kutoka kiwandani.
Tofauti: dola mia nne na kumi na mbili.
Fundi Delbert alizizungusha zote mbili mkononi
kama mtu anayechagua nanasi,
akasema yeye haoni kitu, ila yeye si mwenye gari.
Mimi pia si mwenye gari, nikamjibu.
Tukabaki tunalitazama, yatima lenye baba tajiri.
Nguo ya kuazima haisitiri matako,
hilo nalijua. Sikujua kwamba ikichanika
utaishona kwa uzi wa mwenyewe, kwa bei ya mwenyewe.

Hundi ikaja. Ina majina mawili:
Darlene Havranek *na* kampuni ya huko Texas.
Ingekuwa *au*, ningetia sahihi jikoni,
kalamu ikiwa bado na unga.
Lakini ni *na*. Kwa herufi mbili hizo
hundi ilisafiri kuliko nilivyosafiri mimi maisha yangu yote,
ikalala siku kumi na saba juu ya meza ya mtu nisiyemjua,
ikarudi na sahihi kama unywele uliodondoka.

Siku hizo niliendesha gari jekundu la kuazima,
badala ya la kukodi, likinuka chipsi za mtu.
Nililiegesha mbali na kila kitu.
Mgeni wa mgeni hatanui miguu.

Sasa limerudi. Rangi imeoana.
Delbert alilipapasa ubavu kama anayemtuliza farasi,
akasema, "Hakuna atakayejua."
Jumamosi nikaliosha mwenyewe, maji ya vuguvugu,
na chini, nyuma ya wavu wa mbele,
nikakuta nywele tatu zimebanwa na skrubu mpya:
kahawia, ncha nyeupe.
Sikuzing'oa.

Juni atakuja mkaguzi na kadi yake ya plastiki,
ataiweka juu ya kila mkwaruzo:
uliojificha chini ya kadi unasamehewa,
uliochungulia unalipiwa.
Apime. Nitamkaribisha kahawa.

Asubuhi, nikifika pale mtaroni,
nazima redio. Sijui kwa nini redio.
Naenda taratibu, taa moja ya asili,
nyingine ya asili kuliko ile,
na uji wa watoto unachelewa dakika moja.