Kijiko Kimoja

Tangu Mafinga nyumba yetu ya magurudumu inalalamika:
sufuria zinasutana, bawaba ya kabati
inalia nywii, nywii, kama kifaranga kwenye pakacha.

Nyororo tukaegesha.
Tusajigwe akakata kandambili kuukuu,
akapachika vipande kwenye milango;
mimi nikapaka bawaba mafuta ya alizeti.
Sahani tukazitenga kwa matambara ya kanga,
vijiko tukavivika soksi.

Makambako tukaipita kimya.
Igawa, kimya.
Miaka thelathini na moja ya ndoa,
nami nasikia saa yake ya mkononi.

Chimala, milima ikiwa imejifunika,
akainuka, akafungua droo,
akakivua soksi kijiko kimoja.

Ting.

"Enhe," nikasema, "tulikuwa wapi?"